Pumzi Hii Ni ya Nani?

Mashine ya kupumulia ina namna mbili za kufanya kazi ambazo pengine zinanisumbua mimi, mtoto wa chuoni, yaani madrasa, kuliko zilivyomsumbua fundi aliyeiunda. Katika ya kwanza mgonjwa amelazwa kwa dawa za usingizi na mashine inampumulia: yenyewe ndiyo inayoamua lini, kiasi gani na mara ngapi kwa dakika. Katika ya pili mashine hungoja. Mgonjwa akianza kuvuta hewa, hata kidogo tu, ndipo inapomsukumia ya kumkamilishia. Asipoanza, hupiga kengele, ikashika kazi yenyewe.

Mimi ni nesi wa wagonjwa mahututi hapa Mombasa. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kumtoa mtu katika namna ile ya kwanza, nimpitishe ya pili, mpaka apumue bila kitu. Na hapo katikati ndipo hunijia lile swali la kale, kitendo ni cha Mungu au cha mja: pumzi hii ni ya nani?

Imamu Ashari, aliyefariki Baghdad katika karne ya 10, alijibu kwamba Mungu ndiye anayekiumba kitendo, na mja hukichuma. Kuchuma huko, kasbi, kuna utata kiasi kwamba Waarabu walikufanya msemo wa kukejeli kila jambo lisiloshikika. Maalimu wetu alitufafanulia kwa mfano wa tanga na upepo. Sikuupenda tangu siku ile. Tanga halichoki, wala haliogopi.

Mzee mmoja, fundi wa majahazi, aliletwa na homa kali ya mapafu. Ilipofika zamu yake ya kujaribiwa kupumua mwenyewe, asubuhi tulizima dawa za usingizi, nikainua kichwa cha kitanda, nikavuta makohozi kwenye mpira, nikamsafisha kinywa, nikamvisha miwani yake. “Sabalkheri, mzee. Leo Jumatano. Uko hospitali. Huo mpira kooni ndio unaokuzuia kusema, hujawa bubu.” Akanibana kidole. Tukapunguza msaada wa mashine. Jaribio hili huchukua nusu saa, pengine hadi saa mbili, na kwa muda wote huo sipaswi kufanya lolote la maana kwa macho ya mtu anayepita. Natazama tu: mishipa ya shingo inajikaza? Pua zinatanuka? Jasho limeanza kwenye paji? Pumzi zimepita 35 kwa dakika? Mkono wangu uko juu ya tumbo lake, maana msuli mkuu wa pumzi, ule uliotanda chini ya mapafu, huanza kudhoofu ndani ya siku chache tu za kufanyiwa kazi na mashine.

Mkono nauweka kwa sababu nyingine pia. Mashine huweka alama kwenye kioo kila mgonjwa anapoanzisha pumzi mwenyewe, lakini alama hiyo hudanganyika. Maji yakijikusanya kwenye mipira yakachezacheza, au moyo ukipiga kwa kishindo, mashine hudhani mtu amevuta hewa, ikamsukumia. Kioo kinasema amepumua, na kumbe hajapumua. Kwa hiyo wale wanaotaka kupimiwa fungu la Mungu na fungu la mja, asilimia kwa asilimia, huwa siwaelewi. Hata kati ya mtu na mashine, vitu viwili ninavyoviona kwa macho, mgao huo hunipotea.

Zamani ilionekana ni huruma kumwacha mgonjwa alale mpaka mapafu yapone. Kisha uchunguzi wa hospitali 4 za Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ukaonyesha kwamba wagonjwa waliozimiwa dawa za usingizi kila siku kabla ya kujaribiwa kupumua waliachana na mashine mapema kuliko waliojaribiwa bila kuzimiwa, na baada ya mwaka mmoja wengi zaidi kati yao walikuwa hai. Nadhani Imamu Ghazali, mwanachuoni mwingine wa Kiislamu, asingeshangaa. Katika maandishi yake juu ya kutawakali anamtaja mtu aliyewekewa chakula mbele yake akakataa kunyoosha mkono, ati anamwachia Mungu. Ghazali anauita huo wazimu.

Ila hapa lazima niseme jambo, kwani nimesikia hoja kama hiyo ya Ghazali ikitumiwa vibaya kwa wagonjwa. Mzee alishindwa jaribio la kwanza. Baada ya dakika chache shingo ilikuwa imejikaza kama kamba, tukamrudishia msaada apumzike hadi kesho. Nje, jamaa mmoja akasema, “Amekata tamaa. Hajitahidi.” Nilikasirika kweli. Mtu hushindwa kwa sababu ya maji yaliyojaa mapafuni, homa, moyo dhaifu, madini yaliyopungua kwenye damu, au dawa za usingizi ambazo hazijaisha mwilini. Kujitahidi kwenyewe kunahitaji kuwezeshwa, na kuwezeshwa huko, taufiki kwa lugha ya chuoni, mara nyingi hupita kwenye vitu duni kabisa: taa zilizozimwa usiku alale usingizi wa kweli, chupa ya potasiamu, kinywa kisafi. Anayemwambia mgonjwa wa namna hii “jikaze” anamtwika kosa lisilo lake.

Kesho yake, jaribio likiendelea, mkewe akaniuliza, “Sista, nimsomee Yasini?” Kwetu pwani sura ya Yasini husomwa kwa mengi, lakini ukimsomea mtu aliyelala kitandani, wengi hufahamu kuwa ni sakarati ya mauti. Mzee alikuwa macho, anasikia kila kitu. “Mama, muulize mwenyewe.” Akamwinamia, akamuuliza. Mzee akatikisa kichwa kukataa, kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona tangu aletwe. Basi mama akavuta kiti, akaanza kumhesabia watu waliochukua mbao karakanani na hawajalipa, mmoja mmoja kwa jina. Pumzi zilikuwa 29 kwa dakika, zikashuka hadi 22. Nikamwambia aendelee, wadeni kama bado wapo.