Yai la Kongamato

Wakaonde, ambao mpaka wa kikoloni uliwagawa kati ya jimbo la Lualaba nchini Kongo na Zambia, wanasimulia habari za kongamato, mpindua mitumbwi. Ofisa Mwingereza Frank Melland alimwelezea katika kitabu chake cha mwaka 1923: mwekundu, hana manyoya, mabawa ya ngozi kama ya popo, mdomo wenye meno. Mto ukijaa ghafla kivukoni, ni yeye. Mvukaji alibeba dawa ya mzizi uliosagwa, ikachanganywa na maji kwenye kikombe cha gome la mti, akainyunyiza mtoni.

Melland aliambiwa neno zito: huyu si pepo, ni mnyama kama simba.

Hapo ndipo swali linapoanzia. Simba hupandana, hubeba mimba, hunyonyesha, hufa. Katika masimulizi yale ya kongamato hakuna jike, hakuna kiota, hakuna kinda. Kenge wa mtoni, ambaye kila mvuvi anamjua, ana habari zake zote. Mvua zikilainisha udongo, jike huchimba kichuguu, hutaga humo mayai yanayoweza kufika 60, huenda zake. Mchwa huziba tundu, na joto la kichuguu huyatunza mayai kwa miezi mingi. Hata joka wa Komodo aliyewashangaza wataalamu mwaka 2006 huko Chester, Uingereza, kwa kuzaa bila dume, alipitia njia ya yai.

Aristotle alifundisha kwamba kiumbe huzaa kwa sababu hawezi kudumu mwenyewe. Hudumu kwa mtoto wake. Na kongamato, kwa masimulizi yale yale, silaha hazimpati. Asiyekufa atage ya nini? Kwa hiyo kauli mbili, ya mnyama na ya asiyekufa, zinagongana, na ya pili ndiyo yenye ukweli mkubwa zaidi: kinachodumu pale kivukoni ni mkondo wenyewe, uliomzamisha babu na utakaomzamisha mjukuu, bila kuhitaji kuzaa.

Melland aliwaonyesha wenyeji picha ya mtambaazi wa kale mwenye mabawa, wakasema ndiye. Tangu hapo wageni wamemtafuta kama mabaki ya enzi zile. Lakini hata watambaazi wale walitaga. Huko China yamefukuliwa mayai yao zaidi ya 200 mahali pamoja.

Msomaji wa Manika, huko Lualaba, mwenye babu Mkaonde amwulize leo: kongamato alizaliwa wapi? Jibu liandikwe kwa Kikaonde, kama lilivyotoka mdomoni mwake.