Kadi Mpya: Haja au Matamanio?



Nvidia ilitoa kadi za grafiki za RTX 30 mwaka 2020, RTX 40 mwaka 2022, na RTX 50 mwaka 2025. Kila zinapotoka, sisi tunaocheza gemu huanza kusema, "Kadi yangu imezeeka." Swali la leo si kama gemu ni halali. Swali ni hili: mtu anajuaje kwamba ana haja, na si matamanio tu?

Imam al-Ghazali, na baada yake Imam al-Shatibi, waligawa maslahi ya mwanadamu katika ngazi 3: dharura, haja na tahsini, yaani yanayopendezesha maisha. Kadi ya kuchezea gemu iko ngazi ya tatu. Hilo halimfanyi mwenye nayo kuwa mkosaji, kwani tahsini nayo ina nafasi yake. Ila ngazi hiyo haijengwi kwa kubomoa zile nyingine. Pesa ya karo ni amana ya mzazi, na deni la rafiki ni haki yake. Hizo hazigeuzwi kadi.

Mwingine atasema, "Pesa ni yangu, nimeitolea jasho." Sawa, lakini israfu humhusu hata mwenye mali yake. Israfu haipimwi kwa bei peke yake. Kutoa pesa pasipo faida nako ni israfu. Na hapa kompyuta yenyewe ni shahidi. Ikiwa skrini yako huonyesha picha 60 kwa sekunde, na kadi yako inazitoa zote bila kukwama, kadi ya kutoa 120 haitaifanya skrini hiyo ionyeshe zaidi ya 60. Ikiwa gemu inakwama, punguza idadi ya pikseli kisha utazame. Ikienda kasi, kadi ndiyo inayolemewa. Isipobadilika, huenda mzigo uko kwenye prosesa, na kadi mpya haitakufaa kitu.

Hata prosesa ina subira yake. Wengi walionunua madabodi za AMD za AM4 mwaka 2017 waliweza kuziwekea Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, baada ya kusasisha programu ya madabodi tu.

Haja, basi, hutoka ndani ya matumizi yako. Matamanio hutoka nje: siku ya uzinduzi, au kadi ya jirani wa chumba cha pili. Jiulize, lau jirani asingenunua, ungejua kwamba yako imechoka? GTX 1060 ya mwaka 2016 iliongoza kwa miaka kadhaa miongoni mwa watumiaji wa Steam, ilhali kadi mpya zilishatoka. Wenye nayo waliendelea kucheza.

Kujipima hivi ni sehemu ya muhasaba. Anayesema "nahitaji" pasipo kupima anaidanganya nafsi yake kwanza, na ulimi uliozoea uongo mdogo wa dukani hauchelewi kuupeleka kwa mzazi anayetuma pesa.

Na ukishanunua kwa haki, ile ya zamani isilale kabatini. Yupo ndugu ambaye kwake hiyo ndiyo mpya.

Wabillahi tawfiq.