Suluhu ya Waislamu na Manasara: Ni Nani Mwenye Haki ya Kusamehe Damu?

Mas'ala inayotazamwa katika karatasi hizi ni hii: Mwislamu aliyeuliwa jamaa zake na Manasara, kisha akafanya suluhu na Manasara wa mji wake, je, amewakhini maiti wake? Wako wasemao ndiyo, na neno lao lina nguvu kwa kuwa latoka katika uchungu. Uchungu haudharauliwi, lakini hauwi dalili ya sharia.

Mfano ulio wazi ni Kaduna, kaskazini ya Nigeria. Mwaka 1992, katika mji mdogo wa Zangon Kataf, watu waligombana kwa ajili ya kuhamishwa soko. Wahausa wafanyao biashara hapo ni Waislamu, na Wakataf wenyeji wengi wao ni Manasara. Basi ugomvi wa soko ukavikwa kanzu ya dini, na mwezi wa Mei ukafika Kaduna. Mamia ya watu waliuawa. Imamu Muhammad Ashafa, kiongozi wa vijana wa Kiislamu, aliuliwa mwalimu wake mzee na binamu zake wawili. Upande wa pili mchungaji James Wuye, mkuu wa vijana wa Kinasara, alipoteza mkono wake wa kuume katika kulinda kanisa. Ikapita miaka mitatu, kila mmoja akitia nia ya kumlipiza mwenziwe. Ashafa alimwinda Wuye kwa kuwa ndiye mkuu wa Manasara, si kwa kuwa alishuhudiwa akiua.

Hapa ndipo penye asili ya mas'ala. Katika fiqhi kisasi hakidaiwi ila kwa aliyeua, tena baada ya kuthubutu mbele ya kadhi. Na wenye kudai ni warithi wa aliyeuawa, wala si kabila, wala mtaa, wala umma mzima. Warithi hao wana khiari ya kisasi, au dia, au kusamehe. Na katika madhhab ya Imamu Shafi'i mrithi mmoja akisamehe, kisasi huanguka kwa wote. Waislamu wa Nigeria wengi hufuata Imamu Malik, na katika matawi ya bab hii iko khitilafu. Lakini hapana imamu aliyejuzisha kuuawa muuza samaki kwa sababu mtu mwingine wa kanisa lake ameua. Qur'ani imekataza nafsi kubebeshwa dhambi ya nafsi nyingine, na Mtume amejifanya khasimu, Siku ya Kiyama, wa kila amdhulumuye mwenye ahadi. Basi amchomeaye nyumba jirani yake kwa damu asiyoimwaga hakulipiza kitu. Ameanza dhulma mpya, na maiti wake hakufaidika nayo.

Ashafa aligeuka siku ya Ijumaa, alipomsikia khatibu akieleza jinsi Mtume alivyopigwa mawe Ta'if, naye akasamehe. Mwaka 1995 mwandishi mmoja wa magazeti aliwakutanisha wawili hao. Mama yake Wuye alipougua, Ashafa akaenda hospitali kumzuru. Watu hupenda kuisimulia khabari hii kana kwamba nyoyo zilisafika kwa siku moja. Lakini Wuye mwenyewe amekiri ya kuwa hata baadaye, walipolala chumba kimoja, fikira ya kumwua mwenziwe ilimjia.

Wengine huchelea kwamba suluhu ni kulegeza dini. Ashafa hakuacha kutamani Wuye asilimu, wala Wuye hakuacha kutamani kinyume chake, nao husema hivyo hadharani. Na masahaba waliohamia Uhabeshi walikaa katika himaya ya mfalme wa Kinasara, wakamsomea Sura ya Maryamu pasipo kuficha waliyoyaamini.

Liko neno gumu zaidi. Februari 2000, katika fitina juu ya kutiwa sharia, watu wapatao 2,000 waliuawa Kaduna. Agosti 2002 viongozi wa dini mbili wakatia saini mkataba wa amani, na Novemba ya mwaka ule ule mji ukawaka tena. Wenye kuicheka suluhu hushika hapa, wala hawana budi kujibiwa. Mara nyingi wauaji hawakufikishwa mbele ya hakimu. Ashafa aliweza kusamehe haki yake. Haki ya mjane wa mtaa wa pili hakuwa nayo. Viongozi wanaposema juu ya mimbari na madhabahu kwamba watu wamesameheana, na mjane hakuulizwa, hutoa mali isiyo yao. Na imamu amjuaye muuaji asaliye katika safu yake, akanyamaza, ana deni la ushahidi, kwani Waislamu wameamrishwa kuusimamisha hata juu ya nafsi zao na jamaa zao.

Mwaka 2004 mauaji makubwa yalitokea Yelwa, katika jimbo la Plateau. Manasara waliuliwa kwanza, kisha Waislamu wengi zaidi. Ashafa na Wuye walikwenda huko, wakawaketisha wakuu wa pande mbili siku kadhaa, kila upande ukataja uliyodhulumiwa na upande wa pili ukisikiliza. Suluhu ya Yelwa ilitangazwa mwaka 2005, baada ya hayo kutajwa.