Mizigo ya Ardhi

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuikita milima. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Jumamosi ya 10 Septemba 2016, nayo ni mwezi 8 Mfunguo Tatu 1437, siku ambayo mahujaji huelekea Mina, ardhi ilitetemeka katika nchi ya Kagera, karibu na saa tisa na nusu mchana. Kipimo chake kilikuwa 5.9. Bukoba na jirani zake nyumba kwa maelfu ziliharibika, na watu zaidi ya 15 walikufa. Mtetemeko ule ulisikika hatta Mwanza. Na Geita, nchi ya dhahabu, iko baina ya miji hiyo miwili.

Katika migodi ya Geita, na ya Kahama katika mkoa wa Shinyanga, wamo Waislamu wengi waliofuata riziki. Mtu wa kazi hiyo, ardhi ikitikisika chini ya miguu yake japo kidogo, huitupa sururu, na ulimi wake hutamka shahada kabla hajafikiri. Dhahabu aliyoihangaikia tangu alfajiri haikumbuki. Kisha ardhi hutulia. Naye huiokota sururu, na mizani yake ya hila hurudi vile vile ilivyokuwa. Msiba wake ni huo: moyo kurejea mahali pake kana kwamba haukuona kitu.

Katika Sura ya Zilzala Mwenyezi Mungu ametoa khabari ya siku ambayo ardhi itaitoa mizigo yake; na wafasiri wamesema kwamba mizigo hiyo ni maiti na hazina zilizozikwa. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa ardhi itatapika dhahabu na fedha mfano wa nguzo. Muuaji atakiri kuwa aliua kwa ajili ya hiyo. Mkata udugu, kuwa ndiyo iliyomtenga na jamaa zake. Mwizi, kuwa ndiyo iliyomkatisha mkono. Kisha wote wataiacha, wasichukue kitu.

Wenye elimu ya ardhi husema kwamba nchi za Afrika Mashariki zinapasuka polepole, na mitetemeko hutokana na hayo. Kujua hivyo hakuondoi mazingatio, kwani killa sababu ina Muumba wake. Wala haifai kusema kuwa waliokufa Kagera walikuwa waovu kuliko wengine: Mtume amemhesabu aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo kuwa ni shahidi. Onyo ni la aliyebaki hai.

Basi mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na ayatazame matimba, ile miti ishikayo kuta zake, kabla ya kumteremsha mtoto wa mwenziwe. Roho ile ni amana. Mwenye mizani na aisawazishe. Mwenye kudaiwa ujira na alipe. Na mfanyi biashara wa pwani ainunuaye dhahabu hiyo asiseme kwamba yeye yu mbali na mashimo. Mali ya dhuluma haitakasiki kwa kusafirishwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake mioyo itikisikayo kabla ya ardhi. Amin.