Kizazi Kiovu cha Glencalvie

Katika bonde la Strathcarron, upande wa mashariki wa Ross katika Uskoti ya kaskazini, liko kanisa dogo la mawe liitwalo Croick, na katika dirisha lake la mashariki, juu ya vioo vidogo vya pembe nne vilivyosimama kwa ncha, imo mikwaruzo ambayo mtu akiitazama kwa mbali hudhani ni uchakavu wa kioo kilichopigwa na mvua na upepo kwa miaka mingi. Lakini akisogea karibu, hata pumzi yake ikatia ukungu juu ya kioo, huona kwamba mikwaruzo ile ni herufi. Imechorwa kwa upande wa nje, kwa Kiingereza, na watu ambao lugha ya nyumbani mwao ilikuwa Kigaeli. Mstari mmoja wasema kwamba watu wa Glencalvie, bonde dogo lililo karibu, walikuwapo hapa katika uwanja wa kanisa tarehe 24 Mei 1845. Mwingine, mfupi kuliko huo na mzito kuliko yote, wawataja watu hao hao kuwa ni kizazi kiovu.

Aliyeliandika neno hilo hakuwa adui yao, bali mmoja wao. Walikuwa wametolewa katika nyumba zao ili mahali pao papate kukaa kondoo, na mtu katika hao waliotolewa akaona kwamba jambo la kuwaachia walimwengu, kabla hawajatawanyika, ni shahada ya uovu wa nafsi zao. Basi swali langu ni hili: mja aliyedhulumiwa akijihukumu mwenyewe kuwa ndiye mwenye dhambi, hukumu hiyo ina maana gani, na ni halali kwa nani kuitumia?

Haifai kulijibu kabla ya kulijua bonde lenyewe, maana watu hawa hawakuwa wageni pale. Kando ya mava ya Croick yapo magofu ya mnara wa mviringo uliojengwa kwa mawe matupu yasiyotiwa chokaa, aina ya jengo ambalo watu wa Uskoti ya kaskazini walilijenga yapata miaka 2,000 iliyopita, na hapana ajuaye majina ya waliouinua. Baadaye bonde likakaliwa na watu wa ukoo wa Ross, wakalima shayiri na kufuga ng'ombe, wakawa wakichukuliwa vitani na wakubwa wao kila vita vilipotokea. Mwaka 1650, karibu na hapo, jemadari aitwaye Montrose alishindwa huko Carbisdale, na watu wa Ross walikuwamo katika kumshinda. Haya nayapita upesi, kwa kuwa habari za vita vya wakubwa zimeandikwa vya kutosha.

Lisilopasa kupitwa ni neno moja la Kigaeli, dùthchas, ambalo ndani yake imo sheria nzima isiyoandikwa. Maana yake ni haki ya mtu juu ya ardhi ambayo wazee wake wameikalia kizazi baada ya kizazi; sisi tungesema kwamba kitovu chake kimezikwa hapo. Mkuu wa ukoo alikuwa na hati yenye muhuri wa mfalme, nao watu wake walikuwa na dùthchas, na kwa karne nyingi haki hizo mbili zilikaa pamoja bila ya kugombana, kwa sababu mkuu alihitaji wanaume wenye panga, nao walihitaji mlinzi. Walakini baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, serikali ilipovunja uwezo wa wakuu wa koo, mkuu hakuhitaji panga tena, alihitaji fedha. Na fedha ilikuwa katika sufu. Pale ndipo ilipodhihirika kwamba kati ya haki mbili zile ni moja tu iliyokuwa na maandishi, na mahakama haikusoma ila maandishi.

Watu wa Ross hawakukubali kwa wepesi. Mwaka 1792, ambao kwa Kigaeli huitwa Mwaka wa Kondoo, walikusanyana wakawaswaga maelfu ya kondoo waelekee kusini, kana kwamba balaa ile ingeweza kufukuzwa kama nzige. Majeshi yakaja, na viongozi wao wakapelekwa mbele ya mahakimu wa Inverness. Kondoo wakarudi. Miaka hamsini baadaye bado palikuwa na watu Glencalvie, na mwaka 1842 walipoletewa hati za kuwaondoa, wanawake wa bonde waliwakabili wajumbe njiani na kuziteketeza hati zile kwa moto. Lakini karatasi huandikwa upya.

Mwenye ardhi alikuwa wa nyumba ya Robertson wa Kindeace, na msimamizi wake ni James Gillanders. Jamaa zilizoondolewa mwezi wa Mei 1845 zilikuwa 18, wapata watu 90. Gazeti la Times la London lilimtuma mwandishi wake kwenda kutazama, na katika mambo aliyoyaeleza limo moja ambalo naomba msomaji alishike mpaka mwisho wa maneno haya: watu wale hawakuwa na deni la kodi. Walio wengi hawakuwa na pa kwenda. Wakateremka hata Croick, wakafunga mahema ya maturubali, mablanketi na shuka nzito za sufu katikati ya makaburi ya wazee wao. Moto ukawashwa, watoto wakauzunguka, na susu mbili zenye watoto wachanga zikawekwa karibu yake. Kanisa lilikuwa pale, limesimama tangu mwaka 1827, moja katika makanisa yaliyojengwa kwa fedha ya Bunge chini ya usimamizi wa Thomas Telford. Hawakulala ndani yake. Walilala nje, chini ya dirisha lake, na mtu akatwaa kitu chenye ncha akaandika.

Jawabu la kwanza ambalo fikira huliendea ni kwamba watu hawa walifundishwa kusema hivyo, na ya kuliunga mkono si machache. Katika Kanisa la Uskoti la zama hizo, kasisi aghlabu alipata parokia kwa pendekezo la mwenye ardhi, na mtu hukawia kuukemea mkono uliompa mkate. Huko Sutherland, jirani yao wa kaskazini, ambako mabonde mazima yaliondolewa watu katika miaka ya 1814 na 1819, Donald Macleod, mwashi wa mawe aliyekuwa mwenyeji wa kijiji cha Rossal, aliandika kwa uchungu mwingi juu ya makasisi waliowaambia watu kwamba msiba uliowapata ni adhabu ya Mungu kwa dhambi zao. Ikiwa ni hivyo, neno lile juu ya kioo si la mnyonge bali ni la tajiri, limepitia mimbari likaingia katika moyo wa maskini na kutokea katika mkono wake. Dhuluma kama hiyo yashinda ya kuchoma nyumba, kwa kuwa mwenye kuchomewa nyumba hubaki na ushahidi wa haki yake, na huyu amenyang'anywa hata huo.

Lakini insafu yanilazimisha kusema kwamba katika Croick jawabu hili halitoshi. Kasisi wao, Gustavus Aird, alikuwa upande wao. Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti lilipopasuka kwa ajili ya jambo hilo hilo la nani mwenye haki ya kumchagua kasisi, na makasisi zaidi ya 450 wakatoka wakaacha mishahara na nyumba zao ili kuanzisha Kanisa Huru, Aird alikuwa miongoni mwa waliotoka, na watu wa bonde wakatoka pamoja naye. Basi waliolala mavani mwaka 1845 hawakuwa kondoo wa mchungaji aliyenunuliwa. Walikuwa watu ambao miaka miwili tu kabla ya hapo walikuwa wamemkatalia mwenye ardhi neno lake katika mambo ya dini. Neno la uovu hawakulitoa kwake.

Walilitoa wapi, basi? Walilitoa katika mafunzo waliyolelewa nayo tangu utoto, yale ya katekisimu fupi iliyotungwa Westminster katika miaka ya 1640, ambayo watoto wa Uskoti waliisoma kwa moyo kama watoto wetu wa pwani wasomavyo juzuu. Na mafunzo hayo husema kwamba mwanadamu, kila mwanadamu, amezaliwa katika hali ya dhambi, wala hana haki ya kudai mbele ya Mola wake. Kwa imani hiyo, kujiita kizazi kiovu si kukiri kosa fulani mahususi, kama kuiba au kukopa usilipe. Ni kusema tu kwamba sisi ni wanadamu na Mungu ni Mungu.

Hapo moyo wangu hugawanyika. Nao walikuwa na kitabu cha Ayubu. Biblia yote ilikuwa imepatikana kwa Kigaeli tangu mwaka 1801. Sisi tuliokulia pwani humjua Ayubu kwa subira yake, na subira ndiyo methali yake, lakini katika kitabu walichokuwa nacho watu wa Glencalvie Ayubu hakunyamaza: rafiki zake walimjia wakamwambia kwamba hapana apatwaye na msiba pasipo dhambi, naye akakataa katakata, akashika unyofu wake, na mwishoni waliokemewa na Mungu ni wale rafiki, wala si yeye. Watu wanaokijua kitabu hicho, mbona wameyachukua maneno ya rafiki za Ayubu wakayaandika kana kwamba ni yao?

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na nadhani naona sababu moja ambayo haina aibu. Mtu anayetolewa katika nyumba ya babu zake ili kondoo wakae ana njia mbili za kuufahamu msiba wake. Aweza kusema: nimeondolewa kwa sababu bei ya sufu imepanda, na ikiwa ni hivyo tu, basi uhai wake na wa wazee wake haukuwa na uzito wowote duniani kuupita uzito wa manyoya. Au aweza kusema: nimeondolewa kwa kuwa Mungu ananishughulikia, ananirudi, ananijua jina langu. Njia ya pili ni chungu, lakini ndani yake mtu bado ni mtu, ana Hakimu aliye juu ya msimamizi wa shamba, na Hakimu huyo siku moja atamwita msimamizi pia. Nani atawalaumu kwa kuichagua? Mwenye kuadhibiwa hajasahauliwa.

Hata hivyo, sababu nzuri ya kusema neno haimpi mwingine ruhusa ya kulichukua, na hapa ndipo ninapotoa hukumu yangu. Ikirari ina mahali pake na ina mwenyewe. Mtu akikiri mbele ya kadhi kwamba ana deni la Fulani, hawezi mtu mwingine kuja kesho na kudai fedha kwa ikirari ile, kwa maana haikutolewa kwake. Toba ya watu wa Glencalvie ilitolewa kwa Mungu, kwa hesabu iliyokuwapo baina yao na Yeye, ambayo sisi hatuna daftari lake. Bwana wa Kindeace hakuwamo katika hesabu hiyo. Mbele yake yeye walikuwa na daftari jingine, lile la kodi, na humo hawakudaiwa kitu. Atakayesema, kwa kuwa wao wenyewe wamejiita waovu, basi aliyewaondoa alikuwa fimbo ya Mungu na hana lawama, huyo amechanganya madaftari mawili, naye ama ni mjinga ama ni mwizi.

Wala sidhani kwamba watu wa bonde hilo walikuwa wakiyachanganya. Ushahidi wa hili ni mambo yaliyotokea miaka tisa baadaye, mwendo mfupi kuteremka bonde la Strathcarron, mahali paitwapo Greenyards. Tarehe 31 Machi 1854 askari walikuja na hati za kuwaondoa watu, kwa niaba ya nyumba ile ile ya Robertson, na wanawake wa Strathcarron, waliolelewa kwa katekisimu ile ile na kuimba zaburi zile zile, wakasimama njiani na mitandio yao wakawazuia. Walipigwa kwa virungu vikali mno, wapata 20 wakajeruhiwa, na Donald Ross, mwanasheria wa Glasgow, alikwenda akayaona majeraha na kuyaandika. Mmoja wa wanawake wale na mwanamume mmoja walishitakiwa Inverness wakafungwa, aliyepiga hakushitakiwa. Kama kujiita kizazi kiovu kungekuwa na maana ya kumkubalia mwenye ardhi, njia ile ya Greenyards ingekuwa tupu asubuhi hiyo. Mja aweza kupiga magoti mbele ya Mola wake usiku, na asubuhi akasimama wima mbele ya askari, wala pasiwe na ugomvi baina ya magoti na miguu.

Yaliyofuata ni mafupi. Bei ya sufu ilianguka katika miaka ya 1870, na katika sehemu nyingi za nyanda hizo kondoo nao wakaondolewa, mahali pao wakawekwa paa wa kuwindwa na matajiri. Mwaka 1883 serikali iliunda tume chini ya Lord Napier kusikiliza malalamiko ya wakulima wadogo, na mwaka 1886 Bunge likapitisha sheria kwamba mkulima mdogo wa wilaya hizo, maadamu analipa kodi yake, haondolewi katika ardhi yake. Ilikuwa ni miaka 41 baada ya usiku ule wa Croick; na watu wa Glencalvie, ambao kodi yao ilikuwa imelipwa yote, hawakuwapo kuipokea.