Kaa na Mzee Wako, Leo

Kijana wa Kwale, kuna mali unayo ambayo maprofesa wa nje huihangaikia miaka na miaka: unamwelewa mzee anapotania kwa Chidigo.

Monica Udvardy, mwanaanthropolojia wa Marekani, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akiandika juu ya Wagiriama, Wamijikenda wenzetu: wazee wa chama cha gohu, ibada za wanawake, na uzee wenyewe. Mwaka 1985 alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili, nguzo za ukumbusho alizowasimamishia ndugu zake marehemu. Haukupita muda, vigango vikaibwa. Picha ikabaki. Mwaka 1999, akitazama slaidi za mtafiti mwenzake Linda Giles, akakitambua kimoja: kimewekwa katika makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois! Mwaka 2007 familia ilikipokea kwa sherehe. Picha moja ya mzee aliyesikilizwa ilikirudisha kigango kutoka ng'ambo ya bahari.

Hapa kwetu je? Mwishoni mwa miaka ya 1950 Luther Gerlach aliishi na Wadigo, akaandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha London juu ya jamii yetu. Namshukuru. Lakini inaniuma kwamba mwanafunzi wa Msambweni akitaka kujua babu zake waliishije, huenda ikambidi kuuliza London.

Nenda Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu hapo Diani. Utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na hata jani lililoanguka huruhusiwi kuondoka nalo. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka baadhi ya kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata mila za kaya zikaingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Miti inaweza kulindwa kwa sheria na askari. Dua ya mvua, na sababu ya kuisomea pale na si kwingine, hulindwa na mtu aliyefundishwa na mzee.

Na wazee wenyewe hawako salama. Hapa Pwani mvi zimegeuzwa ushahidi wa uchawi. Wazee wameuawa, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba linalotamaniwa. Naamini kwa moyo wote kwamba mzee anayezungukwa na wajukuu wanaomjua si rahisi kumsingizia.

Basi anza! Usianze na siri za kaya. Hizo zina wenyewe na zina wakati wake. Muulize babu dema husukwaje, mnazi uliotoa tembo zuri ulijulikanaje. Muulize bibi, tena umtangulize, maana Wadigo walirithishana kwa ukoo wa mama, na yeye ndiye anayejua nani ni nani. Muulize ngoma ya sengenya ilichezwa wapi na nani aliimba. Simu iache mfukoni siku ya kwanza. Ya pili omba ruhusa ya kurekodi, na akisema hili lisirekodiwe, izime palepale. Rudi tena na tena, hata siku ambayo hana la kusema. Mchotee maji, kaeni.

Andika jina lake kamili, kijiji na tarehe. Mpe nakala mtoto wake mmoja, nyingine ipeleke maktaba ya shule yako. Kisha mchukue rafiki yako, mwende kwa mzee wa nyumba ya pili.