Mana ya Asubuhi: Pishi Moja kwa Kila Kichwa

Maandiko ya somo: Kutoka 16:13–36, Marko 1:32–39, Matendo 17:11

 

Jumapili hii tumezungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu: asubuhi zetu. Na sisemi asubuhi ya kwenye kalenda, mtu amepiga magoti, nyumba iko kimya, Biblia iko wazi. Nasema asubuhi ya Mtwapa. Maji yametoka kwenye mfereji saa 10 usiku na lazima mitungi ijae kabla hayajakatika. Mtoto hapati soksi moja. Mama wa mahamri amekanda unga watu wamelala, sasa mafuta yako jikoni na wateja wamesimama. Makanga anaita "Mombasa, Mombasa!" na wewe unajua ukikosa gari hilo, msongamano utakukuta darajani na msimamizi wako hana masikio ya kusikia habari za barabara.

Katikati ya hayo yote mtu anasema moyoni: "Maombi yangu ya asubuhi yamekufa. Mungu amenichoka."

Hapo ndipo adui anapoingilia. Mtu akishaamini Mungu amemchoka, anaanza kujificha kama Adamu nyuma ya miti. Anakosa asubuhi, halafu anakosa ushirika wa Jumatano, halafu Jumapili anakaa kiti cha nyuma aondoke kabla ya kusalimiwa. Si kwamba ameipenda dhambi. Aliwekewa kipimo cha mtu mwingine, kikamshinda, akadhani ameshindwa na Mungu. Kwa hiyo somo hili halikuja kukuongezea mzigo. Limekuja kukurudisha mezani.

Hoja ya kwanza: Kipimo ni cha kila mtu

Fungua Kutoka 16. Israeli wako jangwani. Usifikiri walikuwa watu wa nafasi. Walikuwa na watoto wachanga, wazee na mifugo, na safari isiyojulikana itaisha lini. Asubuhi umande ukitoweka, chakula kimelala chini. Mungu anawaambia wakusanye pishi moja kwa kila kichwa, mtu achukue kwa ajili ya walio hemani mwake. Sisi watu wa Pwani pishi tunaifahamu. Wengine walikusanya zaidi, wengine kidogo, lakini walipopima, wa nyingi hakubakiwa na wa kidogo hakupungukiwa.

Hebu ona hekima hiyo! Mungu aliangalia hema. Hema la watu kumi si hema la watu wawili. Sasa mbona wewe mama wa watoto wanne unajipima kwa saa za kijana anayekaa peke yake chumba kimoja Mtomondoni? Yeye akiomba saa mbili, bwana asifiwe, hiyo ni pishi yake. Yako ikiwa ni dakika 15 za kweli, hutapungukiwa.

Waulizeni wavuvi wetu wa hapa chini ya daraja. Jua la Pwani hutoka karibu na saa 12 mwaka mzima, halitangitangi. Lakini maji hayafuati saa ya ukutani. Yakijaa leo saa 12 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 1 kasoro dakika 10, na keshokutwa mbele zaidi. Je, mvuvi anasema, "Kwa kuwa leo siwezi kutoka saa ile ya juzi, nimeacha uvuvi"? Hapana. Anasoma maji na kupanga siku yake. Maombolezo 3 inatufundisha kwamba rehema za Bwana ni mpya kila kukicha. Hizo ndizo jua, hazibadiliki. Zamu yako ya kazi ndiyo maji, na maji yanasomwa.

Ndugu yangu askari wa usiku, asubuhi yako ni ile saa unayofika nyumbani, kabla hujalala. Zaburi ya 134 ni ya watu wasimamao usiku mbele za Bwana, anakujua. Dada wa hoteli kule Kikambala na Shanzu, wiki hii uko zamu ya alfajiri, wiki ijayo ya jioni. Panga upya kila wiki, usione aibu. Dereva, dakika zako ziko kabla hujawasha gari.

Na mama asiye na chumba cha kujifungia? Huko Uingereza zaidi ya miaka 300 iliyopita aliishi mwanamke aitwaye Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley. Alizaa watoto 19, na 10 tu ndio waliokua. Inasimuliwa kwamba alipotaka kuomba alijifunika kichwa kwa aproni yake, na watoto walijua: mama yuko na Mungu, msimguse. Wewe una leso. Kaa kwenye kigoda chako, jifunike, na watoto wafundike. Siku moja watasema, "Tulimwona mama akiomba."

Kina baba, tusikilizane hapa. Usiombe kwa sauti ya kutikisa mabati huku mke wako peke yake anateka maji, anawasha jiko na kuvalisha watoto. Mana yake inayeyuka! Mtungi mmoja ukiubeba wewe, umempa dakika kumi na Bwana. Hiyo nayo ni ibada.

Hoja ya pili: Ikusanye kabla jua halijawa kali

Mstari wa 21 unasema jua lilipokuwa kali mana iliyeyuka. Mungu hakuinyang'anya kwa hasira. Joto la siku ndilo lililoiondoa. Na siku za leo jua kali linaanza mapema, liko chini ya mto wako. Ni simu. Kabla hujasema "Asante Baba", umeshasoma ujumbe wa deni, umeshaona kundi la WhatsApp wakigombana, umeshaangalia nani amejenga na nani ameoa. Dakika 20 zimeyeyuka na moyo tayari una joto. Halafu unasema huna muda.

Tumtazame Yesu katika Marko 1. Siku ile Kapernaumu alifundisha sinagogi, akatoa pepo, akamponya mama mkwe wa Simoni, na jua lilipozama mji mzima ukajaa mlangoni. Nani hapa ana shughuli kuliko hizo? Lakini alfajiri, giza bado, alitoka akaenda mahali pasipo watu, akaomba.

Wengi tunasimama hapo. Soma mbele! Simoni na wenzake walimtafuta, wakamwambia watu wote wanamtafuta. Kazi ilikuwa nzuri, watu walikuwa wengi, na wote walimtaka. Yeye akajibu kwamba waende vijiji vingine, kwa sababu hilo ndilo lililomleta. Alipata wapi ujasiri wa kuukatalia mji mzima uliomsifu? Alikuwa ameshasikia sauti ya Baba kabla ya sauti ya Simoni.

Mpendwa, hiyo ndiyo faida ya asubuhi. Asubuhi unajua siku hii ni ya nini. Usipojua wewe, wengine watakupangia. Bosi atakupangia, ndugu wa kukopa atakupangia, na hofu itakupangia zaidi ya wote. Mwambie jirani yako: "Sauti ya kwanza iwe ya Baba."

Hoja ya tatu: Mana ya jana haikufai leo

Wako waliobakiza mana mpaka kesho yake. Ikatoa mabuu, ikanuka. Ndivyo ilivyo kwa mkristo anayeishi kwa mahubiri ya Jumapili tu. Ukila Neno mara moja kwa wiki, tena lililotafunwa na mtu mwingine, Alhamisi unakula nini?

Na hapa nasema kwa machozi, kwa sababu jambo hili si la nchi ya mbali. Ni la kaunti yetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, hapa hapa Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Kulikuwa na watoto. Walitoka katika makanisa kama haya, wakiimba nyimbo kama hizi. Sitamhukumu aliyepotea pale, bali najiuliza kama mchungaji: kondoo wangu, wakiambiwa jambo na sauti yenye nguvu, watajuaje kwamba si sauti ya Mchungaji Mwema?

Matendo 17:11 inawasifu watu wa Beroya. Walimsikia Paulo, mtume mwenyewe, na bado kila siku waliyachunguza maandiko waone kama ndivyo yalivyo. Paulo hakuudhika. Nami siudhiki. Nichunguzeni! Mhubiri anayekukataza kusoma mwenyewe na kuuliza, mkimbie. Dakika zako 15 za asubuhi na Biblia yako mwenyewe ni ukuta wa nyumba yako.

Ndiyo maana pia sitawaambia mjiue kwa kutolala. Zaburi 127 inasema Mungu huwapa wapenzi wake usingizi, na kwamba ni bure kuchomoka mapema na kuchelewa kulala kwa mahangaiko tu. Eliya alipochoka akaomba afe, malaika hakumwambia akeshe. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Ndipo safari ikaendelea. Mwili wako ni hekalu. Ukitaka asubuhi njema, anza na usiku wake.

Sasa tufanye nini? Pishi ya dakika 15

Usiku: andaa sare, viatu na mitungi. Weka Biblia mahali utakapoketi, na simu iweke mbali na kitanda. Kama ndiyo alamu yako, iweke upande wa pili wa chumba. Mtwapa yetu haizimi taa, muziki unapiga mpaka kuche, lakini wewe una haki ya kufunga dirisha na kulala.

Dakika 3 za kwanza: shukrani. Kwa sauti ndogo, kwa lugha ya mama yako, Kigiriama, Kikamba, Kiluo, anasikia. Taja mambo matatu ya jana.

Dakika 6: Neno. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16. Ukisoma nusu sura kila siku, kwa mwezi mmoja na siku chache umeimaliza. Asiyejua kusoma, mtoto amsomee, wote wawili watabarikiwa.

Dakika 5: maombi. Nyumba yako, kazi yako, na mtu mmoja aliyekuumiza. Ukinena kwa lugha, nena. Ukilia, lia.

Dakika 1: nyamaza. Halafu chukua neno moja kutoka ulichosoma, ulibebe kwenye matatu, ulitafune mpaka jioni.

Na maombi marefu je, na kufunga, na mkesha? Yana siku yake. Siku ya sita Israeli walikusanya mara mbili. Siku yako ya mapumziko, kusanya pishi mbili. Ukitaka kufunga, funga kwa kiasi. Aliye mgonjwa, mjamzito au anayemeza dawa asifunge bila ushauri wa daktari.

Ukikosa siku moja? Sikia mstari wa 35. Mana ilianguka miaka 40. Iliwaangukia walionung'unika na waliosahau, na hata wale waliobakiza ikaoza. Kesho yake ilikuwa chini tena, mbichi, nyeupe, inangoja. Hukufukuzwa mezani, mpendwa. Amka kesho.

Na wewe ambaye hujaokoka, unasoma karatasi hii kwa kuwa jirani amekupa: katika Yohana 6 Yesu alisema yeye ndiye mkate ulioshuka kutoka mbinguni. Huwezi kuwa na asubuhi na mtu usiyemjua. Mpokee leo. Njoo utuone, au zungumza na aliyekupa karatasi hii.

Tuombe

Baba wa mbinguni, umelijua hema langu, wote walio ndani yake na mizigo yake. Nisamehe kwa kukukimbia nikidhani umenichoka. Nipe pishi yangu ya leo. Sauti yako iwe ya kwanza masikioni mwangu, nikajue ninaenda wapi na nani nisimfuate. Linda watoto wetu na kila sauti ya mwizi. Uwape usingizi waliochoka, uwakutane wanaorudi kutoka zamu ya usiku. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Kazi ya wiki

1. Andika saa ya pishi yako kwa kila siku ya wiki hii, kulingana na zamu yako.
2. Soma Marko sura ya 1 mpaka katikati ya sura ya 4.
3. Nyumbani, jiulizeni: ni nani ambaye asubuhi yake inaliwa na kazi, na nani atambebea mtungi mmoja?
4. Jumatano kwenye ushirika wa nyumba, kila mtu aje na neno moja alilolitafuna njiani.